Mianzi Minne Katika Ngano ya Olegario

Casiano, binamu yangu, ni mtu wa kubisha hodi. Hiyo ndiyo kazi yake hasa, ingawa wageni wanaokuja huku kwenye nyanda zetu za La Serena na darubini zao shingoni hudhani kazi yake ni kujua ndege. Ndege anawajua, hilo halina ubishi. Alichunga kondoo wa watu tangu utotoni mpaka alipofika miaka arobaini, na mchungaji asipotazama juu atatazama nini siku nzima? Lakini kipanga wa huku kwetu hatagi mtini. Hutaga chini, katikati ya ngano, na mwezi wa sita mashine ya kuvuna inapoingia shambani, makinda wanakuwa bado hawajajua kuruka.

Kwa hiyo kila mwaka Casiano huenda kwa mwenye shamba. Huvua kofia, hula mkate na jibini la mwenyeji, husikiliza malalamiko yote ya mvua, ndipo huomba aachiwe kipande kidogo cha ngano, hatua kumi kwa kumi. Akikubaliwa huchomeka mianzi minne yenye vitambaa vyeupe kuzunguka kiota. Mashine hupita kando, makinda hukua, nami huwapeleka wageni kwa basi langu dogo kuwatazama kwa mbali. Sijawahi kusikia amekataliwa.

Mwaka juzi kipanga alitaga kwa Olegario.

Olegario ni kaka yake, tumbo moja. Walikuwa hawajasemeshana kwa miaka tisa, tangu walipogawana ardhi ya baba yao wakagombea ukanda mmoja mwembamba mpakani, ukanda usioshibisha hata mbuzi wawili. Olegario ndiye aliyeupata. Kanisani mmoja alikaa kulia, mwingine kushoto, na sisi wengine tukajifunza kutomtaja huyu mbele ya yule. Kiota kilikuwa kwenye ukanda huohuo.

"Nenda ukamwambie," nikamsihi Casiano.

"Fermina, niache."

"Makinda watatu, Casiano! Wanahitaji wiki mbili tu."

"Mianzi kila mtu anaijua. Ataiona, ataelewa. Kwani kipofu yule?"

"Si kipofu. Ni mkaidi, kama wewe."

Akaenda kuichomeka alfajiri kungali giza, kimyakimya, kama mwizi. Nilikasirika sana, lakini na mimi sikwenda. Olegario ni binamu yangu vilevile, na mlango wake naujua. Nilijiambia ugomvi wa ndugu haunihusu. Mpaka leo nikikumbuka hilo najionea aibu.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa na Waholanzi wanne. Tulikuwa tumezunguka nao nyanda tangu asubuhi, wameona tandawala, wale ndege wakubwa wa kutembea nyasini, wameona korongo, na sasa walimtaka kipanga, maana ndiye aliyewatoa kwao. Nilipokata kona ya mwisho niliona shamba la Olegario limenyolewa lote. Kipanga jike alikuwa akizunguka juu yake, akilia. Chini, kando ya mashine iliyozimwa, Olegario alisimama peke yake juani, kofia ameishika kwa mikono miwili.

"Simama," Casiano akaniambia.

Wageni hawakushuka. Hawajui lugha yetu, lakini hakuna aliyeinua darubini. Casiano akakatiza kwenye mabua, nami nyuma yake. Ndani ya kofia walikuwamo makinda wote watatu. Hakuna aliyepona. Mianzi ilikuwa imeng'olewa na kutupwa upande wa pili, kwenye shamba la Casiano.

"Mianzi ile ni yako?" Olegario akauliza. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa mdogo wake baada ya miaka tisa.

"Yangu."

"Nilidhani unanipimia ardhi. Nikasema, huyu ameanza tena, sasa anapanda mpaka kabisa." Akainamia kofia. "Nimewaona mashine ikiwa imeshapita."

Casiano alikuwa akilia, wala hakujificha. Mimi pia nililia. Nilitamani kuwapiga makofi wote wawili, kisha mimi mwenyewe wa tatu.

"Kwa yule bwana wa kinu ulikwenda kuomba," Olegario akasema. "Kwa wale wajane wawili ulikwenda. Hata kwa mtu aliyehamia juzi kutoka Ureno, ambaye humjui mama wala baba, ulikwenda ukala mkate wake. Kwangu mimi ndiyo umekuja usiku?"

"Niliogopa utanikatalia."

Olegario akawatazama makinda.

"Wewe ningekukatalia," akasema. "Hawa ningewaacha."