Nyumba ya Mama Zaitun haimo

Leo nimemfanya mama wa watu aitafute nyumba yake asiione.

Kazi yangu ni kupiga picha mitaa na kuigeuza modeli ya kompyuta, unayotembea ndani yake ukivaa miwani ya VR. Hii ya mtaa wa Bwaise wameiagiza mainjinia wanaochora mtaro wa kupitisha maji ya mafuriko.

Nikamvalisha Mama Zaitun, mkazi wa hapo, miwani, huku najisifu kweli kweli.

Akageuka huku, akageuka kule.

"Mwanangu, mbona kwangu ni uwanja mtupu?"

Jamani. Nilifuta nyumba ndogo za mabati ili faili liwe jepesi. Na yake niliifuta.

"Sasa hao wakubwa watajuaje kama tunaishi hapa?"

Nikawapigia mainjinia palepale. Wakasema mtaro wameshauchora kwa modeli yangu, unapita chumbani kwake.

Amekaa mlangoni, anasubiri jibu. Nimwambie nini?