Kifuniko Begini

Fundi wa visima wa kanisa hapiti chombo kilicho wazi bila kukifunika. Ukimpa chai, huweka kisahani juu ya kikombe kabla hata hajasema asante, na akikuta pipa la mtu liko wazi uani, hulifunika na kwenda zake. Vidole vyake vimepasuka kwa saruji. Sauti yake ni ya chini, kama ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala.

Jana jioni Ndunge, karani wa kanisa hapo Kivaa, alikwenda kumsaidia kufunga mizigo ya safari ya Madagaska, ambako kanisa linamtuma na wenzake kujitolea kuchimba visima. Begi lilipozidi uzito, fundi alitoa viatu vya ibada, akatoa na koti. Kifuniko cha kisima, cha bati kinachokunjika katikati, alichokichomelea mwenyewe, hakukigusa.

"Fundi, si hiyo ndio nzito? Hata huko vifuniko viko."

"Viko. Lakini siku maji yanatoka, watu wanasahau." Akakipangusa kwa kiganja. "Hapa Kivaa sisi tuliimba kwanza. Pasta akaomba, tukakula mbuzi. Kufunika kisima tukasema ni baada ya chakula. Kasichana kangu kakachukua kikombe, kakaenda kunichotea yale maji ya kwanza. Hakakurudi."

Siku ile Ndunge ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo. Alilichukua koti akalitundika nyuma ya mlango, kisha akapiga magoti, akafunga zipu ya begi.