Waliotumwa Maji

Nakhumicha aliacha chaki miaka kumi na miwili iliyopita, lakini chaki haikumwacha. Mpaka leo, akiwa kwake Kibomet akiandika ripoti za elimu, kila amalizapo ukurasa hupangusa vidole kwenye sketi ingawa hana vumbi lolote. Watoto wake humcheka. Naye hucheka, kisha huikumbuka shule yake ya Bumula: harufu ya uji wa saa nne, na sauti sabini zikiimba silabi kwa pamoja. Jamani, aliipenda kazi ile kuliko hata mshahara wake.

Februari hii utafiti ulimrudisha huko huko. Alitakiwa kupima ni watoto wangapi wa darasa la nne wanaoweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Mwalimu mkuu sasa ni Wakoli, ambaye zamani alifundisha naye madarasa ya kupakana, wakigawana hata kipande cha muhogo.

"Mwalimu wetu! Umepotea, bana!" Wakoli alimshika mikono yote miwili. "Ati siku hizi unatupima? Leo utafurahi."

Watoto thelathini na wanne walisoma bila kukwama. Nakhumicha angefurahi kweli, ila rejista ilisema arobaini na watano, na madaftari kumi na moja yalikuwa wazi mezani bila wenyewe.

"Hawa wako wapi?"

"Wameenda kutekea wapishi maji." Wakoli alitazama dirishani, kisha akashusha sauti. "Wewe ni wa hapa. Ukituandika vibaya nitahamishwa, na nimebakisha mwaka mmoja tu nistaafu. Si unaelewa?"

Alielewa mno. Siku za mkaguzi, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwatuma maji wasiojua kusoma, na darasa lake likisifiwa kila mara. Husemwa ya kale hayanuki. Aliyesema hivyo hakusimama pale.

Alichukua karatasi zake akateremka chemchemini. Mitungi ilikuwa imejaa zamani, watoto wamekaa nyasini wakisubiri kuitwa. Akawapima hapo hapo. Wanane hawakuweza kusoma hata neno moja.

"Mwalimu Nakhumicha?" Mama aliyekuwa akifua alisimama. "Mimi Nasike. Ulinifundisha. Huyo wa mwisho ni wangu."

Nasike akatabasamu, hana hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Nakhumicha zaidi.

"Hata mimi ulikuwa unanituma hapa. Nilikuwa nafikiria unanichagua juu ya vile niko na nguvu. Nilikuwa nafurahi sana, mwalimu." Akaelekeza kidole kwenye karatasi. "Wangu umemwandika nini?"

Nakhumicha akampa aone. Kisha akakumbuka, akaichukua tena na kumsomea mwenyewe: hawezi kusoma.

"Basi usifute," Nasike akasema.

Hakufuta. Alimwambia Wakoli ana kwa ana kwamba wote arobaini na watano wataingia kwenye ripoti, na Wakoli hakumsindikiza hata mpaka langoni. Ripoti ilipotoka, ilieleza pia jinsi mtafiti, mwalimu wa zamani wa shule hiyo, alivyojua pa kuwatafuta watoto wale.