Akina Torstein wa Haugen

Torstein wa Kati alitaka jambo moja tu maishani: mtoto ambaye akiitwa, atakuja peke yake.

Yeye akiitwa, walikuja watatu. Huku kwetu bondeni marehemu asiyerithiwa jina hana raha kaburini, na mama yao, Aslaug, hakuwa mtu wa kugombana na makaburi. Mwana wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, Torstein. Wa pili akapewa la babu mzaa mama, naye Torstein. Mimba ya tatu ilipoingia, Aslaug akamwota mjomba aliyezama ziwani, kasimama mlangoni analilia jina. Jina la mjomba nalo, bila shaka, lilikuwa Torstein. Maana yake ni jiwe la Tor, mungu wa radi wa wahenga wetu, basi radi ikipasua mti, majirani hucheka: "Mzee anawaita vijana wake."

Gunvor, mke wa Wa Kati, alipokaribia kujifungua, walikubaliana mtoto aitwe Eivind.

"Hapa hata mbuzi hana jina hilo," alisema Wa Kati kwa furaha.

Wiki hiyohiyo Torstein Mkubwa, akisukuma magogo mtoni, alichukuliwa na maji. Ikapatikana kofia. Kofia wakaizika kwa heshima zote, na mtoto akazaliwa, wa kiume. Majirani walimletea mzazi uji wa krimu, wakawa wanamtazama baba mtu, wakingoja jina.

"Eivind ni jina zuri, mume wangu," alisema Gunvor.

"Zuri sana. Lakini kule kaburini iko kofia tu."

Kanisani mchungaji aliuliza jina. Wa Kati akalitaja lile alilolichukia tangu utotoni, kisha akalirudia bila kuulizwa. Hakujua kwamba alimpenda kaka yake kiasi kile. Maji yakamwagwa.

"Torstein," akatamka mchungaji.

"Naam," ikajibu sauti mlangoni.

Alikuwa Mkubwa, mzima, kanenepa. Mto ulimtema kwa mjane mmoja mwenye jibini nzuri. Wa Kati akalia na kucheka kwa pamoja.

"Ulikuwa wapi, wewe maiti?" akafoka Aslaug.

"Nikisubiri suruali ikauke, mama. Mbona jina langu mmeshaligawa?"

"Maji yamekwisha kumwagwa," alisema mchungaji.

Siku hizi Gunvor akiita "Torstein" chakulani, huja wanne, wa mwisho akitambaa. Wa Kati halalamiki tena. Husimama mlangoni akiwatazama wenzake wakiingia, na hashiki kijiko mpaka wote waketi.