Maji Yaliyokataa Kuondoka

Mwaka niliokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa Kiingereza alinisimamisha mbele ya darasa na kunisomea majibu yangu. Swali lilitaka tueleze istilahi za ushairi, kila moja na mfano wetu wenyewe. Simile, metafora, personifikesheni, alitereshoni, zote nilizieleza sawasawa, ila mifano nilinakili ile ile aliyotuandikia ubaoni. Akasema nimekariri kama kasuku, akanipa sifuri. Wenzangu walicheka, na mimi nilikuwa mtu wa sifa, sikuzoea kuchekwa. Jaribio la kurudia lingekuwa Jumatano ya wiki iliyofuata. Niliapa moyoni kwamba safari hii mifano itatoka kichwani mwangu, hata kichwa kipasuke.

Kwetu Vudee, kiangazi, maharage hunyweshwa kwa maji ya ndiva. Ni bwawa la kuchimba. Maji ya kijito hukusanyika humo usiku kucha, asubuhi mlango unafunguliwa, na yanashuka mferejini kwa zamu, shamba hadi shamba. Ukishanywesha, unaziba mdomo wa shamba lako kwa udongo na magome ya mgomba ili maji yaende kwa anayekufuata. Hata mtoto wa darasa la pili analijua hilo.

Alhamisi ilikuwa zamu yetu, na mama alikuwa na msiba kijiji cha jirani. Akaniombea ruhusa shuleni, akaniambia, "Yakishafika kwenye tuta la mwisho, ziba. Mwenzetu wa chini anasubiri." Mwenzetu huyo alikuwa mjane aliyeimba na mama kwaya moja kanisani, na maharage yake yalikuwa yameanza kutoa maua. Nikasema nimesikia.

Nilifungulia maji, nikakaa juu ya jiwe na daftari langu. Basi hapo ndipo nilipopotea. Nilitafuta kitu cha kufananisha na kitu. Nikaandika, nikafuta, nikajisomea kwa sauti, nikajipongeza mwenyewe, mjinga mimi. Nilipoinua macho, maji yalikuwa yamepita tuta la mwisho zamani, yamebomoa kingo na kumwagikia njiani mpaka bondeni. Nilikimbia kuziba. Mferejini kulikuwa kumebaki tope na majani. Ndiva ilikuwa imekwisha.

Mjane alipanda taratibu, jembe begani. Nilificha daftari ndani ya kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona maji hayajanifikia?"

Ningesema nimesahau. Neno moja tu, na nadhani angenisamehe, maana hakuwa mtu wa kelele. Lakini niliona aibu kuonekana mzembe, mimi msomi wa familia. Mdomo ukatangulia.

"Mama alisema nisizibe mpaka maharage yetu yashibe."

Alitazama shamba letu lililojaa maji. "Mama yako ndiye aliyesema hivyo?"

"Ndiyo."

Alishuka na jembe lake. Jioni mama alirudi amechoka, akauliza kama maji yalifika tuta la mwisho. Nikajibu yalifika, na huo haukuwa hata uongo.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia Jumapili. Baada ya ibada, wenye zamu walikutana pale ndivani kama kawaida yao, na mimi nilisimama nyuma kabisa. Mwenyekiti wa maji alimwita mama, akamwambia kwa upole kwamba mtoto wake amesema aliagizwa asizibe. Mama hakuwa na habari yoyote. Aligeuka kunitafuta kwa macho kati ya watu, akaniona. Niliangalia vidole vyangu vya miguu.

"Kama amesema hivyo, basi ni hivyo," mama alisema. "Naomba mnisamehe."

Mjane hakumtazama. Waliamua kwamba zamu yetu inayofuata apewe yeye, na mama azoe tope la ndiva siku tatu, peke yake. Ilikuwa haki yao. Ila maua yalikuwa yameshaanza kudondoka, na maharage hayawezi kurudishiwa maua. Njiani kurudi nyumbani nilingoja mama anigombeze. Yeye aliokota kuni tu. Nilitamani anichape.

Alianza Jumatatu. Jumatano, wakati mimi nafanya jaribio, yeye alikuwa ndani ya ndiva, tope likimfika magotini, akijaza karai na kulitua ukingoni. Nilimpita asubuhi nikiwa na soksi nyeupe alizonifulia yeye. Nilimsalimia, akaitikia.

Ijumaa karatasi zilirudi. Nilikuwa wa kwanza. Mwalimu alisoma mfano wangu wa personifikesheni mbele ya darasa, akasema hivi ndivyo mtu anavyofikiri, na wakanipigia makofi. Furaha ilinipanda, siwezi kukataa. Nilishuka mlima mbiombio na karatasi mkononi.

Mama alikuwa uani anakwangua tope kwenye kucha kwa kijiti. Mikono ilikuwa imemchanika. Alipoona ile alama nyekundu alitabasamu, mara ya kwanza tangu Jumapili, akajifuta kwenye kanga asije akaichafua karatasi, akaipokea.

"Nisomee hapo alipokusifia," alisema. "Kwa Kiswahili."

Nikamweleza kwamba kuna namna ya kusema ambapo kitu kisicho na uhai unakifanya kitende kama mtu. Kisha nikamsomea, na nilikuwa katikati ya sentensi nilipogundua ninachokisoma, lakini sikuweza tena kuacha.

"Maji yalipenda shamba letu, yakakataa kuondoka."

Mama akaniomba nirudie, nikarudia. Alinirudishia karatasi polepole, akiwa ameishika pembeni kwa ncha za vidole.

"Kwa hiyo shuleni yaliyokosa ni maji," alisema. "Na ndivani niliyekosa ni mimi. Wewe, mwanangu, unatajwa wapi?"