Gari Lililoendeshwa Taratibu

Walimwita Upepo tangu enzi za malori ya saruji. Wenzake wakiwa bado wanatafuta funguo, yeye ameshashusha mzigo na yuko njiani kurudi. Shule hakwenda. Alichokijua alikijua kwa masikio na kwa mguu wa kulia. Alipostaafu alibaki na mke, binti mmoja mshonaji, na gari dogo la dizeli lililokuwa limeshachakaa kabla hajalinunua.

Mkewe akaugua mifupa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa hautaki kutikiswa. Kijiwe tu barabarani, mama wa watu anauma upindo wa khanga. Basi Upepo akajifunza mwendo mwingine. Hospitali haikuwa mbali, lakini alikwenda kwa gia ya kwanza, ya pili kwa nadra, akilipanda kila tuta gurudumu moja moja.

"Vumilia kidogo, mama. Hili hapa."

"Nimeliona," mkewe hujibu.

Nyuma yao watu walipiga honi mpaka wakachoka. Siku moja dereva wa teksi aliwapita, akachomoza kichwa nje.

"Mzee, umebeba mayai?"

Mkewe alikuwa amejinyoosha kwenye kiti kilicholazwa. "Mwambie mayai yenyewe viza," akasema. Akacheka. Kicheko kikamuuma, akacheka tena.

Mvua zilipoanza akafariki.

Gari nalo likaanza kukohoa. Asubuhi haliwaki mpaka libembelezwe. Likiwaka linatetemeka, linatoa moshi mweusi tii, na majirani wanaanua nguo kambani. Mlima mdogo tu, linakata tamaa.

"Baba, liuze," binti yake alisema. "Litakuacha njiani."

"Lina mafua."

"Mafua gani hayaponi?"

Ndani ya nyumba hapakubaki kitu cha mkewe. Kitanda cha mgonjwa kilirudishwa, nguo waligawana mashemeji, hata kikombe chake hakijulikani kiko kwa nani. Lakini kwenye gari harufu ya dawa ya kuchua ilikuwa bado imeshika kiti, na mpini wa mlango ulikuwa umelika pale alipokuwa akiushikilia. Jioni mzee aliingia humo, akafunga vioo, akakaa. Gari likiondoka, atakwenda kukaa naye wapi?

Mwishowe wakakubaliana. Fundi alitazame. Likishindikana, binti amwite mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Neno langu," mzee alisema, na yeye neno lake halirudi nyuma.

Fundi wa dizeli waliyemjua aliitwa Masizi, na ukimwona huulizi kwa nini. Alilisikiliza gari akiwa amefumba macho. Akanusa moshi. Akalizungusha mtaa, akarudi.

"Nozeli zimeziba. Badala ya kunyunyiza mafuta zinadondosha, kama bomba bovu. Nani alikuwa akiliendesha hili?"

"Mimi."

"Wewe Upepo? Acha masihara. Hili limeendeshwa na mtu mwenye usingizi. Safari fupi, gia ya chini, injini haijapata joto inazimwa. Dizeli haitaki hivyo, mzee wangu, inajijaza masizi yenyewe. Nani alikwambia uende hivi?"

Mzee akatazama kiti cha pembeni. Fundi akayafuata macho yake, akakiona kiti kilivyolazwa na mto mdogo juu yake. Akachukua tambara, akajifuta mikono iliyokuwa imeshafutwa.

"Pole, baba," akasema kwa sauti ya chini.

Kisha akaeleza dawa. Kabla ya kuzifungua nozeli, wajaribu kuziosha zikiwa mahali pake. Tangi likikaribia kukauka, mimina chupa nzima ya dawa, ndipo ujaze dizeli juu yake. "Halafu toka nalo barabara kuu, ulikanyage. Dawa inalainisha tu. Kinachotoa uchafu ni moto na mwendo. Usiharakishe kubadilisha gia. Liache lilie."

Mzee akamimina, akajaza, akaondoka. Aliporudi tangi lilikuwa limeshuka, na moshi ni ule ule.

"Umelipeleka wapi?" fundi akauliza.

"Hospitali na kurudi."

"Tangi lote?"

"Nilikwenda tena na tena."

"Kufanya nini huko?"

Mzee hakujua. Mikono ndiyo iliyokata kona. Njia nzima alikwepa mashimo, na kila alipofika kwenye tuta alilipanda gurudumu moja moja.

Binti yake alikuwa amesimama pale. Akageukia ukutani kwanza, kisha akageuka. "Baba, tulikubaliana."

"Najua."

"Dada, dawa haijashindwa," fundi akaingilia. "Haijapewa mwendo, basi. Tumpe chupa nyingine. Hii ikigoma, mtu wa vyuma nitamwita mimi mwenyewe."

"Ya mwisho," binti akasema.

Safari hii mzee alishika barabara kuu. Binti alitaka kumsindikiza, akakataa. Alikwenda vizuri mpaka alipouona mlima mrefu, na chini yake, kabla hujaanza kupanda, tuta. Mguu ukaondoka wenyewe kwenye mafuta ukaifuata breki. Alijua. Akipunguza hapa, mlima utamshinda, na gari litakwenda kukatwa vipande.

"Vumilia kidogo, mama," akasema. "Hili hapa."

Akakanyaga mpaka chini.

Gari likaruka, likatua kwa kishindo, jeki ikabiringika huko nyuma. Mzee alikuwa amekaza meno akisubiri. Hakuna aliyeguna. Hakuna aliyesema ameliona. Akageuza shingo kutazama kiti, na mto ulikuwa umeangukia chini.

Hapo ndipo alipolia. Makaburini hakulia, watu wakamsifu kwamba ni mwanamume. Alilia mdomo wazi, gari nalo likilia, mguu haukutoka. Kwenye kioo nyuma palikuwa peusi, wingu zima, mpaka magari ya nyuma yakawasha taa. Mlima ulivyozidi kupanda, weusi ukawa kijivu, kijivu kikawa wepesi, na kileleni akaiona barabara yote aliyoiacha, nyeupe kwa jua.

Aliporudi, fundi alisikia tu matairi kwenye kokoto. Akaweka kiganja juu ya boneti, akatabasamu kwa meno yote.

"Dada, sikia! Kama cherehani yako!"

Binti akasikiliza, akashika mikono ya baba yake. "Basi baba, halitoki. Ni lako."

"Ila uliendeshe hivi hivi," fundi akaonya. "Ukirudia mwendo ule, litaziba tena."

"Haliwezi kuziba tena," mzee akasema.

Binti akazunguka upande wa pili. Tangu msiba hakuwahi kukaa pale mbele. Alishika mlango, akasita.

"Nikae nyuma, baba?"

Mzee akaokota mto, akaurusha kiti cha nyuma, akanyanyua mgongo wa kiti ukasimama wima.

"Kaa mbele, mwanangu. Hapana mtu."