Gambuti za Mama Jesse

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na sita walipofungua ile moli, lile jengo la maduka. Hapana, nimekosea. Ilikuwa kumi na saba, kwa maana tulikuwa tumepiga kura tukaambiwa turudi tupige tena, na Theuri, mwenye jengo, akaahirisha sherehe yake. Afadhali angeiahirisha mpaka leo.

Mimi huzunguka sana. Nimelala Kiriaini, nimelala Kangari, Nanyuki nimefika kwa miguu, na katika miji hiyo yote ya mlimani sijaona upuuzi kama ule waliojenga hapa Nyeri, upande wa kwenda Skuta. Ghorofa tatu za vioo, na mbele yake uwanja wa lami wa kuegesha magari, mpana hata ungepanda viazi ukalisha lokesheni nzima, vijiji vyote. Magari ya nani? Watu wa vijiji vya juu huja mjini kwa miguu. Lakini Theuri alikaa ng'ambo, akaona huko watu wakienda dukani kwa gari, basi akadhani ukimwaga lami, magari yataota yenyewe.

Ninayetaka kumweleza ni Kananu, ambaye sisi humwita Mama Jesse. Ni Mmeru aliyeolewa hapa, mjane, na mdomo wake ni mkali. Kazi yake ni kutunza gambuti, vile viatu virefu vya mpira vya kukanyagia matope. Huko juu kwenye majani chai, mvua ikinyesha, njia inakuwa uji mwekundu, na hakuna mtu wa kwetu atakayekubali kuonekana benki na matope miguuni. Kwa hivyo watu huteremka na gambuti, viatu vizuri wamebeba kwa mfuko, na pale kijia kinapokutana na barabara wanabadilisha. Mama Jesse anabaki na gambuti, anaziosha nje, anazipanga.

Malipo yake yako ndani ya gambuti. Unaacha humo yai, au kitunguu, au nduma iliyofungwa kwa gazeti. Usicheke, kitunguu hakijali harufu. Na yeye hakigusi mpaka urudi, ukitoe kwa mkono wako, umpe, muulizane habari za watoto. Hivyo ndivyo alivyokula tangu bwanake afe.

Sasa kijia hicho ndicho Theuri alichokipitishia ukuta. Watu wakaanza kuzunguka bondeni, wakitokea chini kabisa mtoni, na Mama Jesse akabaki ameketi ukutani na gambuti za wachache waliomhurumia. Alikonda. Na moli nayo ikakonda. Duka kubwa lilihama, benki ikahama, ghorofa ya juu ikakodishwa na kanisa. Gari la pekee nililowahi kuona kwenye ile lami ni la shule ya udereva, na hata hilo lilikuwa likirudi nyuma.

Mwaka jana akaja Ben, mpwa wa Theuri, ndiye meneja, amevaa tai. Akamwambia Mama Jesse kwamba moli ya kesho ni ya watu wanaotembea. Ati watatoboa mlango ukutani, kijia kirudi, nusu ya lami ing'olewe wapande maua, na yeye apewe chumba cha gambuti hapo mlangoni. Alisema kwa majivuno, utafikiri miguu imevumbuliwa na kampuni yao.

Nilimwambia Mama Jesse asiwaamini. Akanigeukia. "Guka," akaniambia, maana ndivyo wanavyomwita babu hapa, "wewe huna mahali pa kufukuzwa. Wacha mimi nirudi kwa njia yangu."

Wakampa chumba chenye rafu za vioo na taili nyeupe. Siku ya kufungua ilikuwa ya mvua, na watu wakaja kweli, wengi, kwa sababu ilikuwa njia yao tangu zamani, si kwa sababu ya maua. Rafu zikajaa. Mchana Mama Jesse akaitwa juu akapigwe picha na Theuri. Huku nyuma Ben akasikia harufu. Akawaita wafagiaji, wakakuta mayai, vitunguu, nduma, wakaambiwa hizo zitaleta panya. Wakamwaga vyote kwenye pipa, kisha wakazipulizia gambuti marashi. Marashi! Kwa gambuti!

Jioni akaja Tabby, mama mzee kutoka juu, rafiki yake wa siku nyingi. Akainama atoe yai lake ampe. Akapapasa, akapapasa tena. Kwetu kumwaga chakula ulicholetewa ni kumwambia mtu asirudi.

"Kananu," akasema polepole, "yai langu lilikuwa na ubaya gani?"

Mama Jesse hakujua. Ben ndiye aliyeeleza. Usafi, akasema. Na kuanzia kesho watu watapewa tikiti, na yeye atalipwa mshahara. "Mama, zile zilikuwa takataka tu."

"Hizo takataka ndizo zimenilea, Ben," akasema. "Na hao uliowatukana ndio walionilea."

Akaomba wilibaro, toroli ya mafundi wa mjengo. Tukapakia karai, ndoo, na gambuti za wale waliokuwa bado mjini. Ule mlango wao mpya una ngazi, kwa hivyo tukaenda lango kubwa, penye kile chuma cha kuzuia magari, kinachoinuka na kushuka. Soja, mlinzi wa lango, anaitwa Mwai, akasema ameagizwa akiinue kwa ajili ya gari peke yake. Tukangoja gari. Mvua inanyesha, mama amesimama na wilibaro yake, na lami yote ile nyuma yetu iko tupu. Mwishowe tukapitisha gambuti chini ya chuma, mbili mbili, na Mwai mwenyewe, kwa aibu, akatusaidia kuirusha wilibaro juu yake.

Siku hizi Mama Jesse yuko chini mtoni, watu wanapotokea. Ilimbidi aende kwa Tabby akamwombe msamaha kwa kosa lisilokuwa lake, na yai likarudi. Moli imefunga ule mlango wa ukutani kwa kufuli.

Mimi nilimuuliza Ben jioni ile ile, nikamuuliza tena nje ya kanisa, na nikamuuliza Theuri mwenyewe kupitia dirisha la gari lake: kama watu wa hapa wote wanatembea, kile chuma cha langoni mlimwekea nani?